Mlima Niliokula kwa Wajomba

Tangu nirudi mmenisimamisha kila mahali, sokoni, kanisani, hata kwa kinyozi nikiwa nusu ya kichwa imenyolewa, mnaniuliza, "Mwalimu, mambo ya mlima yaliishaje?" Nimechoka kueleza vipande vipande huku mkinipa pole za haraka haraka. Basi nimekaa chini nikaandika. Someni mara moja, kisha tafadhali tuongee mambo mengine.

Wengine wenu mmecheka kusikia naiita safari ndefu. Kutoka Kitale hadi upande wa Sirisia, mtu mwenye bahati huondoka asubuhi na kula chakula cha mchana huko. Mimi ilinichukua siku nne kwenda na kurudi, na kuna sehemu yangu ambayo haijafika nyumbani hadi leo.

Kwa wasiojua, mama yangu alizaliwa chini ya mlima mmoja huko Sirisia. Jina la mlima sitalitaja, maana wajomba zangu nao wana simu na wana watoto wa kuwasomea. Ni mmoja kati ya milima mitatu iliyosimama peke yake katikati ya mashamba, kila mmoja mbali na mwenzake, juu bapa na ubavuni wima. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote ya kazi, na mlima huo ndio ulionifanya nipende mawe. Chini yake kuna chemchemi. Kando ya chemchemi anaishi Nekesa, binti wa marehemu mjomba wangu mkubwa. Ndoa ilimshinda, akarudi kwa baba yake, akaanzisha kitalu cha miche ya vitunguu na sukuma wiki. Nusu ya wakulima wa pale hununua miche kwake. Hana shamba lingine wala kazi nyingine.

Jumatatu alinipigia simu.

"Mwalimu, wanataka kupeana mlima. Kuna mkandarasi wa mawe ametoka Webuye. Wanakaa Alhamisi saa saba. Kuja, tafadhali. Wewe wataogopa."

"Nitawaeleza," nikamwambia. "Nitawaonyesha kisayansi hayo maji yanatoka wapi."

"Sawa. Lakini ukifika usipitie kwa khocha wako Wafula. Shuka huku chini kwa maji, nikuone kwanza. Usiingie kwa boma ya mtu. Umesikia?"

Khocha ndiye mjomba, kwa lugha ya mama yangu. Nilimwambia nimesikia. Nilidhani anataka tu nisipoteze muda kwenye salamu za wazee. Nikachora mlima kwenye karatasi ya manila, nikaikunja, nikatia mkobani pamoja na sahani moja ya bati na sponji mpya ya kuoshea vyombo. Mke wangu aliniuliza sponji ni ya nini. Nikamwambia hiyo ndiyo itakayookoa mlima.

Kitale hadi Kamukuywa

Jumatano asubuhi nilipanda pikapu ya jirani yangu Kimutai, aliyekuwa akipeleka mbegu za viazi Kamukuywa. Aliniahidi kwamba saa nne tutakuwa tumefika. Alichosahau kuniambia ni kwamba tungepitia kwa wakwe zake Kiminini dakika kumi tu, kuwaachia gunia moja.

Wakwe wa Kimutai walikuwa wamenunua mashine ya kusaga unga, na siku hiyo ilikuwa inaombewa. Mashine haiwezi kuguswa kabla ya maombi, na mkwe hawezi kuondoka kabla ya mashine kuguswa. Mchungaji alikuwa njiani. Aliendelea kuwa njiani hadi saa nane. Tulikaa kwenye viti vya plastiki tukiitazama mashine, nayo ikitutazama. Sufuria za pilau zilikuwa zinatoa mvuke nyuma ya nyumba, lakini chakula nacho kilikuwa kinangoja baraka.

"Si tuende tu?" nilimnong'oneza Kimutai.

"Mwalimu, hawa ni wakwe zangu. Unataka nirudi kuoa mara ya pili?"

Mchungaji alipofika aliiombea mashine, umeme, mahindi ya kaunti nzima na barabara. Kabla hajasema amina mawingu yalikuwa yamefunga kabisa, Kimutai akakumbuka viazi vyake havina turubai. Tukakimbia bila kula. Hata hivyo mvua ilitupata, na pikapu ikazama kwenye tope mita chache kutoka lami. Tulifika Kamukuywa jioni nikiwa nimekula kipande cha mkate na soda vuguvugu. Nilikuwa na hasira na Kimutai, na mchungaji, na ile mashine. Leo ningewasamehe wote, kama hasira ingekuwa inaisha kwa kusamehe watu wengine.

Kimilili

Usiku ule nililala Kimilili, kwenye nyumba ya wageni ambayo ukutani imeandikwa kwamba kiamsha kinywa kimo. Asubuhi mpishi alikuwa ameenda matangani. Mama wa mapokezi alinipa chai ya rangi na maelezo marefu kuhusu marehemu, ambaye simjui.

Simu yangu ilikuwa imebaki na moto kidogo sana. Niliichomeka kwenye soketi, ikakaa saa nzima, nikaja kugundua stima ilipotea kabla sijaichomeka. Nilimwandikia Nekesa ujumbe kwamba nitafika saa sita. Ujumbe ukaenda, simu ikazima.

Chwele

Ilikuwa siku ya soko. Kila bodaboda iliyopita ilikuwa imebeba mbuzi, au kuku wanaoning'inia, au magunia ya mahindi mabichi, na kila mwendeshaji aliniambia, "Ngoja hapo mzee, narudi sasa hivi." Sijui hiyo sasa hivi yao huanzia saa ngapi.

Nikiwa nangoja niliona mzee mmoja mwenye kofia ya viua ameketi karibu na msikiti, ametandaza gunia, na juu ya gunia amepanga vinoo vya kunolea visu na mapanga. Nikavitambua kabla sijainama. Lilikuwa jiwe la mlima wetu, lile la rangi ya chai ya maziwa lenye mistari myembamba myekundu. Jina lake lilikuwa Mzee Ramadhani. Aliniambia amekuwa akivichonga vinoo hivyo tangu ujana, na kwamba wachinjaji wa Bungoma nzima hawataki kingine.

Basi hapo nikaharibu. Badala ya kutafuta usafiri nilichuchumaa nikaanza kumfundisha. Nilimwambia watu wengi hudhani mawe yote ya kwetu yalitapikwa na Mlima Elgon, na kwamba hiyo si kweli. Hili ni jiwe la mchanga. Ulikuwa mchanga wa mito ya zamani sana, ukalaliana tabaka juu ya tabaka, ukagandamana hadi ukawa mwamba. Ndiyo maana linanoa, kila punje ni jino dogo.

"Hiyo naijua," alisema Mzee Ramadhani bila kuchukia. "Mimi nalisikia kwa kidole. Lile la chini halinoi, linateleza. La katikati ndilo zuri. Kula mihogo, mwalimu, bado iko moto."

Alikuwa na mihogo ya kuchemsha kwenye bakuli, imenyunyiziwa chumvi na pilipili. Tumbo langu lilikuwa linalia. Nikamwambia asante, naenda kwa wajomba, nikifika nimeshiba watanigombeza.

"Kula kidogo. Safari haijui wajomba."

Nikakataa tena, kwa maringo. Mihogo ile naiota mpaka leo. Ningekula vipande viwili tu, pengine ningefika kwa Wafula na akili zangu.

Chwele hadi mlimani

Bodaboda niliyoipata iliendeshwa na kijana anayeitwa Protus, mwepesi wa mdomo kama wote. Saa sita ilikuwa imepita zamani. Tulipopanda kile kilima cha kwanza baada ya mji, ile milima mitatu ikajitokeza, na nikamwambia asimamishe pikipiki.

Mnanijua. Siwezi kuiona milima ile nikakaa kimya. Nilimwambia Protus kwamba zamani haikuwa milima mitatu. Nchi nzima tunayoiona, mahindi, miwa, shule, makanisa, yote ingekuwa chini ya mwamba ule, kwa sababu tabaka la mchanga lilifunika kila kitu. Kisha mvua na mito ikalikwangua na kulipeleka chini, karne kwa karne. Pale ambapo juu palikuwa na ganda gumu, lile jeusi lenye chuma, mwamba wa chini ulipata kofia, ukabaki umesimama. Pasipo na kofia palikwisha.

Protus alitazama huku akitafuna majani. "Sasa mwarimu, kama maji ilimaliza hiyo ingine yote, si hata hizi tatu zitaisha tu?"

"Zitaisha. Lakini si wewe wala wajukuu wa wajukuu wako watakaoona."

"Basi huyo mkandarasi ako na haraka kuliko mvua," akasema, akawasha pikipiki.

Nikajua habari zimeenea.

Nilimwambia tuchukue njia ya chini, ya kwenda kwenye maji. Tulipofika penye njia panda akasimama. Njia ya chini ilikuwa imechimbuliwa na magurudumu ya lori, mitaro miwili mirefu iliyojaa maji ya mvua ya jana. Lori lilikuwa limeshaingia kupima mlima, na mkataba bado haujafanywa.

"Hapa siingii, bana. Hii itameza pikipiki na mimi. Nakupitisha juu kwa Mzee Wafula, utashuka na mguu."

Nilimkumbuka Nekesa na maneno yake. Lakini nilikuwa nimechelewa, viatu vyangu vilikuwa vizuri, na nilikuwa na njaa ya siku moja na nusu. Nikajiambia nitasalimu tu na kushuka. Nikamwambia twende juu.

Kwa Khocha Wafula

Harufu ilinipokea kabla ya watu. Ng'ombe alikuwa amechinjwa. Chini ya mabati yaliyoegemezwa kwenye nguzo walikaa wazee kama kumi na wawili, wajomba zangu Wafula na Barasa mbele, na pembeni mtu wa makamo aliyevaa gambuti safi, ameshika kofia yake mapajani kwa adabu. Huyo ndiye alikuwa mkandarasi.

Nyama ilikuwa imepangwa kwenye majani ya migomba na hakuna aliyekuwa anakula. Wote waligeuka kunitazama.

"Mwarimu!" Wafula aliinuka, mikono miwili imenyooshwa. "Tumekungoja wewe. Tangu saa saba hakuna mtu amegusa kitu. Tulisema, bira mtoto wa dada yetu hakuna kitu itafanyika hapa."

Sitawadanganya, nilifurahi. Nilidhani wamengoja elimu yangu. Niliketishwa kwenye kiti chenye mto. Mke wa Barasa akaninawisha mikono, na mbele yangu likawekwa fungu langu, kidari kizima, kinang'aa mafuta, na ugali wa wimbi mweusi, moto.

Kila Krismasi ninapokwenda kwa wajomba mimi hupewa kidari. Miaka yote nilidhani ni heshima ya mwalimu. Nikamega ugali. Nikakumbuka kutazama kama wengine wanakula, nikaona wananitazama mimi, nikadhani ni upendo. Nikala. Nilikula vibaya, jamani, kama mtu aliyetoka jela. Nilipotia tonge la kwanza mdomoni wazee walipumua wote kwa pamoja, wakainamia majani ya migomba, mazungumzo yakaanza, vicheko vikaanza. Nilitafuna mpaka mfupa ukabaki mweupe.

Kisha nikasimama, nikaomba nafasi, nikatandika karatasi yangu ya manila.

Niliwafundisha vizuri, hilo nitalisema. Niliiweka sponji juu ya sahani, nikaimwagia maji ya kunawa. Maji yakaingia ndani, hayakuonekana. Nikawaambia huo ndio mlima. Mvua ikinyesha juu haikimbii, inanywewa na mwamba wa mchanga, kwa sababu kati ya punje na punje kuna nafasi. Inashuka polepole ndani kwa ndani mpaka inafika chini, kwenye jiwe gumu lisilonywa maji, ambalo ni hii sahani. Hapo haina pa kwenda, inatokea pembeni. Nikainamisha sahani, maji yakachuruzika, wazee wawili wakasema "eee." Nikawaambia hiyo ndiyo chemchemi yenu. Ukitoa sponji, sahani haina kitu.

Mkandarasi alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu anayesikiliza wimbo mzuri.

"Asante," alisema Wafula. "Umeongea vizuri sana, mwarimu. Hata mimi nimeona. Lakini umeongea baada ya kukula."

Nilidhani anatania.

"Khocha, sijaelewa."

Wafula aliwatazama wenzake kwanza. Hakuwa na furaha usoni, nampa hiyo haki yake. "Hii nyama ni ya kufunga maneno. Kwa nyumba yetu, mtoto wa dada hupewa ya kwanza. Akikataa kuweka mdomoni, hakuna mzee atameza, hata tukikaa mpaka kesho. Inarudi kwa mwenyewe na maneno inavunjika. Baba yetu aliogopa hiyo mpaka akakufa. Sasa wewe umekula. Hata mfupa umemaliza."

"Sikujua! Hamkuniambia!"

"Mtu huambiwa mambo ya kwao?" Barasa aliuliza. "Mama yako hakukuambia?"

Mama yangu alikufa nikiwa darasa la tatu. Hilo Barasa analijua, yeye ndiye aliyebeba msalaba.

Nilipiga kelele. Niliwaambia wanauza maji ya watoto wao. Wafula akanijibu bila kupandisha sauti, na jibu lake liliniuma kuliko kama angenitukana.

"Hiyo mlima imetupa nini, mwarimu? Mawe na nyani. Wajukuu wangu wawili wako nyumbani hawasomi. Na kila Krismasi wewe mwenyewe unasimama hapa unatuambia, wazee, mnakaa juu ya mali na hamjui. Si ulisema? Tumekusikia. Tumejua."

Kweli nilisema. Nilisema miaka na miaka, tumbo limejaa, nikionyesha mlima kwa mwiko wa ugali.

Mkandarasi alikuja kunishika mkono, akaniambia amefurahi kukutana na msomi. Nilipogeuka ili nisimtazame, nilimwona Nekesa. Alikuwa amesimama nje ya uzio na ndoo tupu. Hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia mfupa.

Kwenye maji

Nililala kwa Barasa, kama kulala ndiko kule. Kulipopambazuka nilishuka. Nekesa alikuwa ameinama kitaluni anang'oa magugu kati ya miche. Hakusimama kunisalimu.

"Nilikuambia upitie huku kwanza," alisema.

"Njia iliharibiwa na lori. Simu ilizima. Kwa nini hukuniambia kwenye simu, Nekesa? Neno moja tu, usile."

"Nikiwa karibu kukuambia, baba mdogo Wafula akatokea pale pale. Ningesema aje?" Alitupa magugu pembeni. "Halafu nilidhani unajua. Si kila mwaka wanakupa kidari? Nilidhani unajua ni ya nini."

"Nilidhani umeniitia mambo ya mawe."

Hapo ndipo aliponyanyua uso. "Mawe? Mwalimu, mimi nimechota hapa tangu nikiwa mdogo. Mvua ikinyesha leo, maji huongezeka baada ya siku nyingi, si leo. Nilishajua inapitia ndani. Ungenifundisha nini? Mimi ni msichana wa hii boma, hawanipi fungu, hata nikikufa njaa hawatashtuka. Wewe ndiye wanakupa. Nilitaka ukae tu, ufunge mdomo. Basi."

Niliketi kwenye jiwe. Maji yalikuwa yanatoka pale pale yanapotoka siku zote, kwenye mstari ambapo mwamba wa rangi ya chai unakutana na lile jiwe gumu la kijivu, mstari ulionyooka kama umepigwa kwa rula. Ni mahali pazuri kuliko pote nilipowahi kufundishia. Niliwahi kupeleka wanafunzi pale, wakachora, wakaondoka, na katika wote hao na mimi mwenyewe, hakuna aliyemuuliza Nekesa chochote.

"Yatakauka lini?" aliuliza.

Nikamwambia ukweli, na ukweli wa jiwe la mchanga ni mbaya. Hayatakauka wiki ijayo. Mlima umebeba mvua za miaka mingi, na utaendelea kuzitoa hata ukiwa unakatwa. Watavunja, watapakia, na maji yatakuwa yanatoka. Wajomba watacheka, watasema mwalimu alitutisha bure. Kisha msimu mmoja yatapungua kidogo, watalaumu jua. Yatakapokatika, hakuna atakayekumbuka ile siku ya nyama.

"Kwa hivyo hata ukweli wako hautaonekana," alisema Nekesa.

"Hautaonekana."

Akainama tena, akaendelea kung'oa magugu. Nilimuomba msamaha. Alisema sawa, kwa sauti ile watu hutumia kumjibu mtu wa kuuza vikombe mlangoni.

Bungoma na Webuye

Sikutaka kurudi kwa njia niliyojia, nisimkute Mzee Ramadhani na bakuli lake. Nikapitia Bungoma. Gari la kuniondoa huko lilikosekana hadi kesho yake, na wakati nikizunguka mjini niliona jengo jipya ambalo ukuta wake wa mbele umebandikwa vipande vya mawe ya rangi ya chai, yenye mistari myekundu. Nikaenda nikapitisha kidole. Niliisikia punje.

Askari wa mlangoni alinijia mbio. "Wewe mzee, unagusa nini hapo?"

"Nauliza tu. Haya mawe yametoka wapi?"

"Ng'ambo," alisema kwa fahari. "Si ya hapa. Unafikiri hapa kwetu kunaeza toka kitu kama hii? Toka hapo kwa ukuta, ati unaichafua."

Labda kweli yalitoka ng'ambo. Labda kilima kingine kama chetu kimeshaliwa mahali, na mwalimu mwingine alipewa kidari. Nilitoka kwa ukuta.

Webuye nilishushwa saa za adhuhuri Jumamosi, na gari la Kitale nikalingojea mbele ya mama anayeuza chapati na maharagwe. Alinipa sahani iliyojaa. Nilitazama chakula mpaka kikapoa. Akaniuliza kama kina nywele. Nikamwambia hapana mama, chakula ni kizuri, shida ni mlaji. Hakuelewa, akanibadilishia sahani, akaniongezea na supu bure. Wema wake uliniumiza. Nikala yote ili asikasirike, na kwa kila tonge niliwasikia wale wazee wakipumua.

Kitale

Hayo ndiyo yaliyotokea. Mlioniambia nimeze tu yaishe, nawaambia kumeza ndiko kulikoyaanzisha. Na mlioniambia niende kushtaki, nimefikiria. Nitashtaki nani? Ardhi ni yao, mkono ulioufunga mkataba ni wangu, na sikushikiwa kisu.

Juzi Nekesa alinipigia, mara ya kwanza tangu nirudi. Aliniuliza hali za watoto. Nikamuuliza kama wameanza.

"Wameanza kutoka juu. Ile ganda nyeusi yote wameshatoa, wanaponda kokoto. Sasa wanakata hii laini ya chini."

"Na maji?"

"Yako tu. Baba Wafula hupita hapa asubuhi, anachota kwa mkono, anakunywa, anacheka. Ananiambia nikusalimie."

Nyuma yake nilisikia nyundo, na kuku, na mtu akiuliza bei ya miche.

"Mwalimu, nataka kukuuliza kitu cha masomo yako. Kuna watu wameniitisha miche mingi kuliko siku zote. Nipande msimu huu?"

"Panda," nikasema haraka. Msimu huu nina hakika nao.

"Na ule unafuata?"

Jibu nilikuwa nalo. Mtu akikata kofia ya mlima wa mchanga na kuacha mwili wazi, mimi najua kinachofuata na najua kwa mpangilio gani. Ndicho kitu pekee ninachokijua sawasawa duniani. Nilimsikia anangoja, nikasikia hata pumzi yake.

"Halo?" nikasema. "Nekesa? Halo? Sikusikii vizuri, mtandao umekuwa mbaya huku."

Nikakata simu.